Johannes Rebmann: Msafiri Aliyekubali Kukaa



Katika kitabu hiki mtasoma majina ya walioianzisha kwaya yetu, walimu waliotufundisha nyimbo na ibada tulizohudumu kwa miaka hii 25. Pamoja na hayo, tumeona vema kuwakumbusha habari za mtu mmoja aliyetutangulia katika nchi hii. Wengi tulimsoma shuleni kwa mstari mmoja tu: Mzungu wa kwanza kuandika kwamba aliuona mlima Kilimanjaro. Mstari huo ni kweli, lakini hautoshi.

Johannes Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kusini mwa Ujerumani. Alipata mafunzo ya umisionari Basel, Uswisi, kisha Uingereza, akatumwa na shirika la CMS. Alifika Mombasa mwaka 1846 akiwa na miaka 26. Hapo alimkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo wawili hao walipanda vilima vilivyo nyuma ya Mombasa, wakaanza kituo Rabai kwa ruhusa ya wazee wa Kirabai.

Rebmann alikuwa mtu wa miguu. Oktoba 1847 alifika Kasigau katika nchi ya Wataita. Aprili 1848 alitoka tena, akivuka nyika ya Taru pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa safari aliyeitwa Bwana Kheri, mtu aliyezijua njia za Uchagani. Wafanyabiashara wa pwani walishangaa, kwa maana misafara yao haikupita huko bila bunduki nyingi. Yeye alichukua mwavuli wake, wenzake wakachukua pinde na mishale.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 aliona mbele yake kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alimwuliza Bwana Kheri. Kiongozi huyo hakuwa na jina la kitu hicho, alisema tu kwamba ni baridi. Rebmann, aliyekulia nchi ya theluji, akaelewa mara moja. Wachaga walikuwa wakiishi chini ya mlima ule vizazi na vizazi, kwa hiyo hakuwavumbulia kitu. Alichofanya ni kuwaandikia watu wa mbali yale aliyoyaona.

Nao hawakumwamini. Huko London, mtaalamu wa jiografia William Cooley, ambaye hakuwahi kufika nchi hizi, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Maneno hayo yaliendelea kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Baron von der Decken alipoupanda mlima kwa sehemu mwaka 1861 na 1862 na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Wakati huo Rebmann alikuwa akiendelea na kazi.

Safari yake ya tatu ya Uchagani, mwaka 1849, ilimvunja moyo. Alikusudia kuvuka hadi Unyamwezi, lakini kwa Mangi Mamkinga wa Machame vitu vyake vilichukuliwa kidogo kidogo hadi akabaki hana cha kuendelea nacho. Alilia machozi. Walipodhani analilia nguo zake, aliwaeleza kwamba vitu vile vilitolewa na waumini wa kwao ili Injili ifike mbele zaidi, na sasa haitafika.

Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Msafiri alikaa. Mwaka 1851 alimwoa Emma Tyler huko Misri, wakafanya Rabai kuwa nyumbani. Mungu aliwapa mtoto wa kiume, naye akaishi siku chache tu. Mke na mume waliendelea na utumishi hadi Emma alipofariki mwaka 1866. Rebmann akabaki na vitabu vyake vya maneno: Kiswahili, Kirabai, na Kinyanja ambacho alifundishwa na Salimini, mtu aliyeletwa pwani kama mtumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa. Aliitafsiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili.

Waliobatizwa walikuwa wachache sana. Wageni waliozuru Rabai walimwona mzee mpole aliyezama katika kamusi, wakajiuliza amefanya nini miaka yote hiyo. Kisha macho yake, yale yaliyoona theluji, yakaanza kupofuka. Mwaka 1875, baada ya miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja, alisafirishwa kwao. Aliyemwongoza njiani alikuwa Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876, karibu na nyumbani kwa rafiki yake Krapf.

Lakini mbegu ilikuwa ardhini. William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India, alikuwa amekuja mwaka 1864 kumsaidia Rebmann, na baadaye akawa mchungaji Rabai. Watumwa waliotoroka walikimbilia hapo. Siku ya Mwaka Mpya 1889, zaidi ya watu 1,400 waliokuwa wamejificha katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai, walipewa hati za uhuru. Rebmann hakuiona siku hiyo. Yeye alikuwa ameiweka taa ikiwaka hadi wengine wakafika.

Kwa nini tunayaandika haya katika jubilii? Kwa sababu kila kwaya hupenda siku za safari: sare mpya, basi limejaa, mashindano, kurekodi. Siku hizo tumezipata, na tunamshukuru Mungu. Lakini tunajua pia Alhamisi za mvua ambapo walikuja watu sita, besi hakuna, na mwalimu akafundisha hivyo hivyo. Tunajua waliohamia mbali kutafuta kazi, waliotutangulia mbele za haki, na vijana wanaouliza kama kwaya hii ina faida gani. Hatuna hesabu ya kuwaonyesha. Tunachoweza kusema ni kwamba Jumapili haikupita bila wimbo, na kwamba waliokaa ndio waliowapokea waliokuja.

Kwa hiyo, ndugu na dada, leo tunapowapigia makofi walioimba mbele ya umati, tuwasimamishe pia walioweka kiti, walioshika ufunguo na walioimba wakiwa wachache. Na wewe kijana unayefikiria kuacha, njoo Alhamisi. Mlango utakuwa wazi.