Adili na Nduguze

Hadithi ya Shaaban Robert (1909–1962), iliyochapishwa mwaka 1952, yenye asili katika Alfu Lela Ulela. Adili, baada ya kuwagawia mali yake nduguze Hasidi na Mwivu waliokwisha kufilisika, alisafiri nao hadi mji ambao watu wake walikuwa wamegeuka mawe, akatoka humo na johari pamoja na binti aitwaye Mwelekevu. Nduguze, badala ya kushukuru, wakaghilibiwa na tamaa, wakamtosa Adili baharini. Jini Huria alimwokoa, akawageuza wale wawili manyani, akamwamuru awapige kila usiku. Na hapa ndipo hadithi ipatapo kina chake, kwani aumiaye zaidi ni yule ashikaye mjeledi. Utajiri wenyewe haulaumiwi, maana Adili naye ni tajiri; lawama ni ya husuda. Msomaji wa Mwanjelwa, katika Mbeya iliyokuzwa na dhahabu ya Lupa, atayafahamu haya upesi, akiwa jirani na machimbo ya Chunya, ambako ubia hutiwa mtihanini siku dhahabu ionekanapo. Katika hadithi ya asili ndugu hao hujaribu tena kumwua mfadhili wao. Shaaban Robert, kwa hekima kubwa, aliwapa toba na msamaha.