Spitali Yetu ya Mnazi Mmoja: Majina Matatu, Kazi Moja



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunajua bi harusi anavyoulizwa mambo. Shela rangi gani? Hina au piko? Kanga doti ngapi? Lakini suali moja halimo: mimba ikija, inshaallah, utajifungulia wapi? Ndiyo maana leo tunaieleza spitali yetu.

Zamani uzazi ulikuwa wa nyumbani, mkononi mwa mkunga. Tunawaheshimu wakunga wetu, kwani wengi wetu bibi zetu walizaliwa mikononi mwao. Ila damu ikimwagika sana, mkunga hakuwa na chupa ya damu wala chumba cha upasuaji.

Mji Mkongwe ulianza kupata majengo ya tiba kwa sadaka za matajiri. Lile jengo zuri la Malindi lenye baraza za mbao zilizochongwa lilianzwa mwaka 1887 na mfanyabiashara Tharia Topan. Alifariki 1891 jengo halijakwisha, na mjane wake ndiye aliyeendeleza kazi. Wapitao pale wakipiga picha wamkumbuke na mama huyo.

Mnazi Mmoja nayo, pale ufukweni karibu na viwanja, iliitwa Karimjee Jivanjee, jina la ukoo wa wafanyabiashara wa hapa Unguja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaitwa V. I. Lenin, na wazee wengine mpaka leo husema "nilizaa Lenin". Mwaka huo huo madaktari wa Kichina walianza kuja Zanzibar, na wanakuja hadi leo, Unguja na Pemba. Machi 1965 Mzee Karume akatangaza matibabu bure. Mke wa mvuvi na mke wa tajiri wakaingia mlango mmoja. Baadaye jina likarudi kuwa Mnazi Mmoja.

Leo ndiyo spitali kubwa ya rufaa ya Serikali. Ina wodi za wazazi, watoto na upasuaji. Wenzetu wengi wa mjini hujifungulia Mwembeladu, na uzazi ukiwa mgumu hupelekwa Mnazi Mmoja. Pemba kuna Abdalla Mzee, Mkoani.

Sasa tuseme lililo zito. Jengo lipo, daktari yupo, lakini mama anachelewa. Anasubiri mume arudi baharini, au mama mkwe aseme ndiyo. Damu haisubiri ruhusa. Kifafa cha mimba hakisubiri nauli.

Kwa hiyo, bi harusi mtarajiwa, kabla ya nikah zungumza na mchumba wako mbele ya wazee: usiku wa dharura nani atatoa ruhusa kama mume hayupo? Wakubaliane mapema. Pimeni kundi la damu, nyote wawili. Mimba ikiingia, anza kliniki mapema, upimwe presha, damu na mkojo. Tenga nauli pembeni na ujue ni ndugu gani watakutolea damu. Fundi hakati kitambaa kabla hajapima. Na uzazi nao upimwe mapema.

Wapo wanaoona haya kwenda spitali kwa ajili ya stara. Dada, omba uhudumiwe na mwanamke, ni haki yako kuomba. Akikosekana na maisha yamo hatarini, wanazuoni wameturuhusu kutibiwa na mwanamme kwa dharura. Na tusisahau kuwa Rufaida al-Aslamiya (R.A.) alitibu majeruhi katika hema lake karibu na msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina. Tiba si jambo geni katika dini yetu, wala mwanamke si mgeni katika tiba.

Kina mama wenye mabinti wenye hamu ya kusoma, wasomesheni ukunga na uuguzi. Stara ya wajukuu zetu itatoka kwao.

Mwenyezi Mungu awajaalie uzazi mwepesi na watoto wema. Aamin.