Wokovu na Ng'ombe wa Watu

Agosti 1631 mfalme wa Mombasa, Dom Jerónimo Chingulia, aliingia Ngome ya Yesu na watu wake, akamuua kapteni wa Kireno, kisha akalirudia jina lake la kwanza, Yusuf bin Hasan. Alikuwa amelelewa Goa na watawa wa Mtakatifu Augustino na kubatizwa huko, ndipo akarudishwa pwani kukalia kiti cha baba yake, aliyekuwa ameuawa kwa njama za Wareno hao hao. Wakristo waliokataa kumfuata alipourudia Uislamu waliuawa pia. Ubatizo wake ulikuwa umeambatana na utawala, bunduki na ushuru wa forodha, na siku aliyoamua kuuvua utawala wa kigeni, aliuvua na ubatizo wake.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu kinaonyesha mapema swali ambalo Ukristo wa Afrika Mashariki haujaacha kulijibu. Ujumbe wenyewe ni mfupi, na umebaki ule ule tangu siku za mitume: mwanadamu ni mwenye dhambi, Kristo alikufa kwa ajili yake na akafufuka, na anayetubu na kumwamini husamehewa bure. Ugumu unaanzia kwa msikilizaji. Afanye nini? Matendo ya Mitume yanamsimulia mlinzi wa gereza la Filipi aliyewauliza Paulo na Sila swali hilo usiku wa manane, akajibiwa kwamba amwamini Bwana Yesu. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini habari inaendelea: usiku ule ule aliwaosha majeraha yao wafungwa aliokuwa amewafunga miguu kwenye mkatale, akabatizwa, akawaandalia chakula nyumbani kwake. Zakayo mtoza ushuru naye, kabla Yesu hajaondoka nyumbani kwake, aliahidi kuwalipa mara nne wote aliowadhulumu. Kwa maoni yangu, historia ya wokovu katika ukanda huu inaeleweka vizuri zaidi ukiifuatilia kwa upande huo wa majeraha na madeni.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na miezi michache baadaye akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga. Alipopata mwenzake, Johannes Rebmann, walijenga kituo Rabai mwaka 1846. Mavuno yalikuwa haba mno. Mtu wa kwanza kubatizwa, Mringe, alikuwa mlemavu aliyekuwa kitandani akikata roho. Rebmann alikaa karibu miaka 30, akapofuka macho, na alipoondoka mwaka 1875 aliacha nyuma kundi dogo tu la waumini. Mmijikenda mwenye kaya, wazee na makaburi ya jadi yake hakuona kwa nini ayaache hayo yote kwa maneno ya mgeni mmoja.

Walioitikia haraka ni wale ambao kaya zao zilikuwa zimekwisha kuvunjwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kujenga kijiji cha watumwa waliokombolewa. Mwaka 1875 Waanglikana walianzisha Frere Town ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Zanzibar, mara baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873, kanisa kuu lilianza kujengwa Mkunazini juu ya uwanja ule ule. Kwa watu hawa wokovu ulikuja pamoja na nyumba, jembe, shule na kengele ya kuamshia watu kazini. Ni rahisi kwetu leo kusema waliitikia chakula. Lakini mtoto aliyevuliwa minyororo jahazini, asiyejua tena njia ya kwao, angeitofautisha vipi injili na mkono uliomfungua?

Buganda mambo yalikwenda kinyume kabisa. Huko injili iliingia kupitia ikulu. Wamisionari wa Kianglikana walifika mwaka 1877, Mapadre Weupe mwaka 1879, na vijana wa mfalme, Kabaka Mutesa, wakaanza kujifunza kusoma, wengi wao wakianza na Injili ya Mathayo kwa Kiswahili cha Askofu Steere wa Zanzibar. Walijulikana kuwa ni wasomaji kabla hawajajulikana kuwa ni Wakristo. Kuitikia kulimaanisha kujifunza, tena kwa muda mrefu. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe, alikuwa ameweka kanuni ya miaka 4 ya mafundisho kabla ya ubatizo, kwa hofu ya kupata waumini wa juujuu.

Kanuni hiyo ilivunjwa kwa usiku mmoja. Mei 1886, Kabaka Mwanga alipowakasirikia watumishi wake waliomkatalia amri zake kwa ajili ya imani, Charles Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wenzake kadhaa waliokuwa bado katika mafundisho, akiwemo kijana Kizito, kwa kuwa kulipokucha wangekwenda hukumuni. Tarehe 3 Juni Lwanga na wengi wao walichomwa moto Namugongo, Wakatoliki kwa Waanglikana. Tangu Januari 1885, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22 waliuawa katika mateso hayo, na mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu. Lavigerie aliogopa imani ya haraka, ila hakuna mwanafunzi wa miaka 4 aliyewahi kutoa ushahidi mzito kuliko vijana hao wa usiku mmoja.

Damu yao ilifuatwa na wingi. Kufikia miaka ya 1920 kubatizwa Uganda lilikuwa jambo la kawaida, tena la faida: jina la Kikristo lilifungua mlango wa shule, ukarani na uchifu. Wajukuu wa mashahidi walikuwa na vyeti vya ubatizo, na wengi walikuwa na wake wa siri, madeni na vinyongo.

Rwanda nako, mwaka 1928, daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, alikuwa amefika katika hospitali ndogo ya misheni huko Gahini, akakutana na njaa iliyoua watu wengi. Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika, na kule Namirembe akakutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi. Walikaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Baadaye watu walikuja kupahesabu hapo kuwa chimbuko la Uamsho wa Afrika Mashariki, ingawa naamini cheche nyingine zilikuwa zimekwisha kuwaka kwingineko. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikwenda kufundisha Gahini na kuliita Kanisa lizinduke usingizini, hadi alipofariki Januari 1936. Kufikia hapo moto ulikuwa umekwisha kufika Kabale, na kwa miaka michache ukaenea Kabete na Kahuhia nchini Kenya, Katoke upande wa Bukoba, na Burundi.

Waliookoka waliitwa Balokole, na wimbo wao, Tukutendereza, ulivuka mipaka yote hiyo ukiwa na neno lake la Kiganda. Mafundisho yao hayakuwa mapya. Kilichowashtua watu ni namna walivyotaka yaitikiwe. Ubatizo, walisema, hautoshi, wala uchungaji, wala umisionari. Kila mtu aje msalabani, aungame dhambi zake kwa majina yake mbele ya ndugu, kisha aende kutengeneza. Neno hilo, kutengeneza, ndilo lililokuwa na meno. Wahudumu wa hospitali walirudisha vitu walivyokuwa wameiba wodini. Watu waliwarudisha ng'ombe wa wizi kwa wenyewe. Wengine walikwenda ofisini kwa serikali kulipa kodi waliyoikwepa miaka nyuma, na makarani hawakujua waiandike fedha hiyo katika daftari gani. Wamisionari kadhaa waliwaomba radhi Waafrika kwa dharau na kiburi chao, jambo ambalo katika koloni la miaka ya 1930 lilikuwa karibu sawa na uasi.

Bila shaka walikuwa na kero zao. Mlokole alikuuliza umeokoka lini, akatarajia tarehe, na Mkristo mzee aliyebatizwa utotoni alijiona ametukanwa. Kuna walioungama ya wenzao pamoja na yao. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono kiliwafukuza wanafunzi 26, William Nagenda akiwa mmoja wao, kwa kukaidi amri ya mkuu wa chuo kuhusu maombi yao ya alfajiri na mahubiri yao. Hata hivyo, tofauti na mikondo mingine mingi ya aina hiyo, wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao, na kizazi cha maaskofu kilitoka kwao: Festo Kivengere, Josiah Kibira wa Walutheri wa Bukoba, na Janani Luwum, aliyeokoka Januari 1948 akiwa mwalimu wa shule na kuuawa chini ya utawala wa Idi Amin Februari 1977.

Kenya ya miaka ya 1950 iliupima wokovu huo kwa namna ya kutisha. Ndugu wa Uamsho Ukikuyuni walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema waliokwisha kuinywa damu ya Kristo hawawezi kuichanganya na damu ya mbuzi. Lakini wengi wao walikataa pia kubeba silaha za serikali. Upande mmoja uliwaona wasaliti, upande mwingine haukuwaamini, na baadhi yao waliuawa. Mzalendo anaweza kuwalaumu kwa kutolitamka suala la ardhi iliyoporwa, na hana makosa.

Hapo ndipo ulipokuwa udhaifu wao. Orodha ya dhambi za kuungama ilijaa pombe, tumbaku, uzinzi, wizi na wivu, lakini yale yaliyofanywa na watu wengi kwa pamoja hayakupata jina. Mwaka 1933 na 1934, Mhutu na Mtutsi walipokuwa wakianza kupiga magoti pamoja Gahini, serikali ya Ubelgiji ilikuwa ikiwahesabu na kuwaandika katika kadi kwa kabila. Kadi ziliishi muda mrefu kuliko mikutano. Kuanzia mwaka 1959 ndugu wengi wa Kitutsi walikuwa wakimbizi Uganda, Burundi na Tanganyika. Januari 1964 mchungaji Yona Kanamuzeyi, aliyekuwa akiwahudumia waliofukuzwa makwao huko Nyamata, alikamatwa na askari na kuuawa.

Wakati huohuo mwitikio mpya ulikuwa ukiota mijini. Moses Kulola na wahubiri wengine wa Kipentekoste walijaza viwanja vya Tanzania. Nairobi, Uhuru Park ikafurika. Mwito ukawa mfupi: nyoosha mkono, njoo mbele, fuatisha sala ya toba, umeokoka. Kasoro yake naiona, kwa sababu sala hiyo haimuulizi mtu ng'ombe aliye zizini kwake ni wa nani. Ila mkutano wa hadhara umemfikia kondakta na muuza samaki ambao darasa la katekista halikuwahi kuwafikia, na wengine kati yao, bila kufundishwa na mtu, walirudi nyumbani wakaanza kutengeneza.

Kisha ukaja mwaka 1994, na mauaji ya kimbari ya Rwanda. Kanisa la Nyarubuye, mashariki ile ile ya Rwanda iliko Gahini, lilijaa maiti za waumini waliokimbilia humo, na wengi wa wauaji walikuwa Wakristo waliobatizwa. Kuna waliowaficha majirani zao wakafa nao, na kuna wachungaji na mapadre waliohukumiwa kwa kushiriki mauaji. Miaka 60 ya wimbo ule ule haikutosha.

Mwaka 2002 serikali ya Rwanda ilianzisha mahakama za gacaca, kwenye nyasi, chini ya waamuzi waliochaguliwa na wanakijiji wenyewe. Mshtakiwa aliyetaka kupunguziwa adhabu alitakiwa kueleza alichofanya, kuwataja alioshirikiana nao, na kuomba radhi hadharani. Aliyewahi kuketi katika ushirika wa Balokole angeutambua utaratibu huo, ingawa hapa uliamriwa na sheria na wengi walikiri kwa hesabu ya miaka ya kifungo. Kesi zilikaribia milioni 2, na zaidi ya nusu yake zilihusu mali: mabati, milango, mavuno, ng'ombe waliochinjwa na kuliwa. Waliopatikana na hatia waliamriwa kurudisha au kulipa. Baadhi walilipa fedha, baadhi kwa kulima mashamba ya waliobaki, na baadhi walisamehewa na wenye mali. Mahakama zilipofungwa rasmi Juni 2012, hukumu nyingi za mali zilikuwa bado hazijatekelezwa, na wadai na wadaiwa waliendelea kukutana kila Jumapili katika ibada zile zile.