Upanga Jiweni: Kuchomeka na Kuchomoa

Juu ya kilima cha Montesiepi, karibu na mji mdogo wa Chiusdino katika mkoa wa Toscana, Italia, lipo kanisa la mviringo lililojengwa miaka ya 1180, na ndani yake kuna mwamba ambamo upanga umezama hadi karibu na mpini, kiasi kwamba kinachoonekana ni mpini wenyewe, kikingio cha mkono kilichokingama na kipande kifupi cha bapa. Mapokeo yanasema kwamba aliyeuchomeka ni Galgano Guidotti, askari wa farasi wa tabaka la makabaila, ambaye baada ya kutokewa na Malaika Mikaeli aliacha vita, akaugeuza upanga wake kuwa msalaba wa kusalia, akaishi mlimani kama mkaapweke hadi alipofariki mwaka 1181. Mwaka 1185 wajumbe wa Papa walifika kuwahoji mashahidi kuhusu maisha yake, na miongoni mwa mashahidi hao alikuwamo mama yake mzazi.

Uzito wa tendo hilo haueleweki mpaka ifahamike upanga ulikuwa nini kwa kijana wa tabaka lake. John wa Salisbury, katika kitabu chake Policraticus cha mwaka 1159, anaeleza kwamba siku askari mpya anapofungwa mshipi wa upanga huenda kanisani, akauweka upanga juu ya altare na kujitoa kwa utumishi wa Mungu. Ibada hiyo ilifanya kazi ileile ya jando, kwa kuwa aliyeingia mtoto wa watu alitoka na jina, haki na wajibu wa mtu mzima. Galgano aliirudisha nyuma njia hiyo yote: alikivua kile kilichomfanya awe mtu mbele ya jamii yake, tena pasipo kukivunja wala kukitupa.

Karibu mwaka 1200, Mfaransa Robert de Boron alitunga Merlin, masimulizi ya kishairi ambamo taswira hiyohiyo imepinduliwa. Upanga umechomekwa katika fuawe, yaani pande la chuma ambalo mhunzi hufulia kazi yake, na fuawe imekaa juu ya jiwe mbele ya kanisa; unawashinda mabwana wakubwa, kisha kijana Arthur, asiyejua kwamba baba yake alikuwa mfalme, anauchomoa. Uzuri wa kisa hiki, ambao husahaulika upesi, ni kwamba Arthur hakwenda kutafuta ufalme. Alikuwa ametumwa tu kumletea upanga Kay, kaka yake wa kulelewa pamoja.

Wapo wanaodhani kwamba habari za Montesiepi zilisafiri hadi Ufaransa, ingawa ushahidi wa maandishi haupo. Uchunguzi wa chuma uliofanywa na mkemia Luigi Garlaschelli wa Chuo Kikuu cha Pavia, uliotangazwa mwaka 2001, uliona kwamba upanga huo unaafikiana na kazi ya karne ya 12, jambo lililodhoofisha dhana kwamba ni ughushi wa siku za karibuni.

Njia hizo mbili, ya kuupokea upanga na ya kuuacha, zilikutana kwa Ignatius wa Loyola, askari Mbaski aliyekulia katika hadithi za mashujaa. Mnamo Machi 1522 alikesha mbele ya altare ya Bikira Maria huko Montserrat, Hispania, kama walivyokesha vijana waliongoja kupewa upanga, na kulipopambazuka akauacha wake hapohapo.