Njia ya Miguu Iendayo Namugongo

Sisi tukaao Nyamahanga na pande zote za Ngara na Biharamulo hatuna haja ya kufundishwa maana ya safari ndefu. Wazee wetu wengi walikwenda Buganda kwa miguu, wakavuka mto Kagera, wakafanya kazi katika mashamba ya pamba na kahawa ili wapate fedha. Walakini iko safari nyingine iendayo Buganda, ambayo mwendaji wake hatafuti mshahara. Ndiyo hija ya Namugongo. Yafaa tujue habari za njia yake moja, ile itokayo chini ya milima ya Rwenzori.

Mji wa Fort Portal, katika nchi ya Toro, umekaa chini ya milima hiyo, ambayo kilele chake kirefu kina meta 5,109. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji huondoka huko makundi kwa makundi, wakapita Kyenjojo, na Mubende, na Mityana, hata Kampala. Ni mwendo wa kilometa 300 hivi. Aendaye kilometa 30 kwa siku atahitaji siku 10. Mwanzo wa njia ni vilima na mashamba ya chai, na alfajiri husikii ila nyayo za wenzako na sala zisemwazo kwa sauti ndogo.

Huko Mubende, juu ya kilima, uko mti mkubwa wa Nakayima, ambao watu waliuendea kuomba baraka zamani kabla ya kuja kwa Injili. Basi desturi ya kwenda mbali kwa ajili ya sala si ngeni katika nchi zetu. Kilichobadilika ni yule aombwaye.

Mityana ndipo historia inapomkuta msafiri. Mahali hapo Noe Mawaggali aliuawa tarehe 31 Mei, 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga ya kuwaua Wakristo. Dada yake Munaku alijitoa mwenyewe kwa askari ili afe naye. Hawakumwua, wakamchukua mateka. Kutoka nchi hiyo hiyo ya Ssingo walikamatwa Matia Mulumba na Luka Banabakintu, wakapelekwa mjini kuhukumiwa. Matia alikatwa viungo huko Kampala, akaachwa peke yake, akafa tarehe 30 Mei. Luka alifika Namugongo, akachomwa moto tarehe 3 Juni, siku ile ile aliyouawa Karoli Lwanga na wenzao. Rafiki wawili walioanza njia pamoja hawakuimaliza pamoja. Mhujaji atokaye Mityana leo ana kilometa 70 hivi za kwenda mpaka Kampala, naye ni huru, wala mikono yake haina kamba.

Katika mashahidi hao wa Uganda, Wakatoliki ni 22 na Waanglikana ni 23. Si wote waliokuwa Waganda: Adolfu Mukasa Ludigo alikuwa mtu wa Toro. Wale Wakatoliki 22 walitangazwa wenye heri mwaka 1920, na watakatifu mwaka 1964.

Je, habari hizi zatuhusu nini sisi? Mwaka 1892, baada ya vita vya Mengo, Wakatoliki wengi wa Buganda walikimbilia kusini pamoja na mapadre, na mwaka huo misioni ya Kashozi ikaanzishwa karibu na Bukoba. Hivyo imani iliufikia mkoa wetu kwa miguu ya wakimbizi. Aendaye Namugongo leo anairudia njia ya waliotuletea.

Wako wasemao, “Motokaa zipo, kwa nini kujichosha?” Swali hili si la kudharauliwa, maana mgonjwa na mzee hawatazamiwi kutembea, wala Mungu hahesabu malengelenge. Lakini apandaye motokaa hupita Mityana asijue kwamba amepita. Atembeaye hulazimika kupumzika, kuomba maji kwa mtu asiyemjua, na kumngoja mwenzake achechemeaye. Mashahidi walikwenda hivyo, wakitiana moyo. Nasi tusioweza kufika huko, tunazo njia zetu fupi: iendayo kanisani, na iendayo kwa jirani aliye mgonjwa. Mwenda pole hajikwai. Tuanze na hizo.