Diski isiyozunguka: RAM ya ziada ilivyopata kazi

Kakola, mji uliokua kando ya mgodi wa Bulyanhulu, hauwezi kukosa steshenari, na steshenari haikosi kompyuta ya mtumba inayoganda wateja wakiwa kwenye foleni ya kuchapa barua za kuombea kazi. Fundi akiifungua atakuta kijiti cha RAM chenye meno yaliyopakwa dhahabu, madini yaleyale yanayochimbwa chini ya ardhi ya Msalala, halmashauri ulimo mji huo. Kwa zaidi ya miaka 40 mafundi wametumia kijiti hicho kuharakisha mashine: wanatenga sehemu ya RAM, kisha kompyuta inaaminishwa kuwa hiyo ni diski.

Diski kuu ya kawaida ina sahani zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika. Mzunguko mmoja huchukua zaidi ya milisekunde 8, na kichwa cha kusomea hakina budi kusubiri. RAM haizungushi chochote. Hujibu kabla sehemu moja ya milioni ya sekunde haijaisha.

Nchini Uingereza, Jerry Karlin aliandika programu ya kuigeuza RAM kuwa diski kwa ajili ya kompyuta ndogo kati ya 1979 na 1980. Wakati huo Tanzania, iliyofunga kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini tangu 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa Hazina kuleta hasara.

Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta ya AT, iliyoweza kubeba RAM ya hadi megabaiti 16. Mfumo wake, DOS, uliziachia programu kilobaiti 640 tu. Iliyobaki ililala bure. DOS 3.0 ikaja na VDISK: mstari mmoja kwenye faili la CONFIG.SYS, na herufi ya diski mpya inatokea. Hali hiyo ilijirudia baadaye kwa Windows nyingi za biti 32, zilizoishia gigabaiti 4 hata kama mashine ina zaidi.

Bulyanhulu ilipoanza uzalishaji mwaka 2001, mfumo wa Linux nao ulikuwa umepata tmpfs, diski ya RAM inayopanuka na kusinyaa kadiri ya mafaili. Mwaka 2003 ikaja Puppy Linux, mfumo mdogo unaoingia wote kwenye RAM na kuzifufua kompyuta kuukuu.

Kwa hiyo mbinu hii ilistawi pale mfumo uliposhindwa kuitumia RAM iliyopo. Mifumo ya leo huitumia yenyewe, kwa kuhifadhi humo mafaili yaliyosomwa karibuni. Ukiikata RAM ya gigabaiti 2 utengeneze diski, programu zitabanwa na kukimbilia diski kuu, na mashine itazidi kuzorota. Mwenye steshenari atafaidika zaidi akinunua SSD, diski isiyo na sahani za kuzunguka, au kuongeza kijiti. Mwenye gigabaiti 16 zisizo na kazi anaweza kutenga kiasi kwa mafaili ya muda tu, maana umeme ukikatika, vyote vilivyomo hufutika, na barua ya mteja itaandikwa upya.