KINANDA KANISANI: WAKRISTO WALIBISHANA NINI, NA SISI TUNAJIFUNZA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, kila nikiandika hapa kuhusu ibada, hawakosi vijana wanaouliza: "Sheikh, wenzetu wanapiga gitaa na ngoma kanisani, hiyo nayo ni ibada?" Wanauliza kwa kucheka. Leo tuweke kicheko pembeni tusome historia, kwa sababu swali hilo Wakristo wenyewe wameulizana karne nyingi, na walioulizana ni wasomi wao wakubwa.

Wakristo wa karne za mwanzo waliimba kwa sauti tupu. Si kwamba vyombo havikuwepo. Zumari, vinubi na matoazi vilijaa katika dola ya Kirumi, lakini vilikuwa vyombo vya mahekalu ya masanamu, vya michezo na vya karamu za ulevi. Yohana Krisostomo, askofu aliyefariki mwaka 407, alifundisha kwamba Wana wa Israili waliruhusiwa vyombo kwa sababu ya udhaifu wao tu. Hadi leo makanisa mengi ya Kiorthodoksi, kama yale ya Urusi, huimba bila chombo chochote.

Sasa kinanda kiliingiaje? Mwaka 757 mfalme wa Konstantinopoli, Constantine wa Tano, alimpelekea Pippin, mfalme wa Wafaranki, zawadi ya kinanda. Kwetu sisi hizo ni zama za Khalifa Abu Jaafar al-Mansur. Zawadi ile ilikuwa ya ikulu, si ya kanisa. Katika karne zilizofuata vinanda vikaingia makanisani kidogo kidogo. Hata hivyo Thomas Aquinas, aliyefariki 1274, bado aliandika kwamba Kanisa halitumii vinubi na mfano wake katika kumsifu Mungu, lisije likaonekana linafuata Mayahudi.

Moto ukawaka karne ya 16, Waprotestanti walipojitenga na Roma. Luther kule Ujerumani aliupenda muziki na hakuona ubaya kuutumia kanisani. Lakini Zwingli, kasisi wa mji wa Zürich huko Uswisi, alikwenda njia nyingine. Vinanda vya mji vikanyamazishwa, na mwaka 1527 kile cha kanisa kuu la Grossmünster kikavunjwa. Calvin naye, mjini Geneva, aliwaimbisha watu Zaburi bila chombo. Uingereza, mwaka 1644, Bunge liliamuru vinanda viondolewe makanisani.

Hapa nakuomba usikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Utamsikia mhadhiri anasema, "Hata wasomi wa Kikristo walisema muziki ni haramu!" Hapana. Zwingli mwenyewe alikuwa fundi wa kupiga vyombo vingi. Hakuwa adui wa muziki. Alichokataa ni kuuingiza katika ibada bila amri.

Mzozo wenyewe ulikuwa wa usuli. Upande mmoja ulisema: jambo ambalo Biblia haikulikataza, kanisa laweza kulitumia, na tena Zaburi ya 150 inataja baragumu, kinubi na matoazi. Upande wa pili ukajibu: hayo yalikuwa ya hekalu la zamani, katika ibada, kisichoamriwa hakina nafasi, na barua za Paulo zimetaja kuimba tu. Wewe uliyekaa madrasa kanuni hii unaijua: mambo ya kawaida asili yake ni ruhusa mpaka lije katazo, na ibada asili yake ni kuzuiwa mpaka ije dalili.

Twende Marekani. Katika mji mdogo wa Midway, jimbo la Kentucky, kiasi cha mwaka 1860, kanisa moja lilileta kinanda kidogo kwa sababu waumini walikuwa wanaimba vibaya. Nia ilikuwa njema. Lakini jamaa zao, waliosoma nao kitabu kimoja na kukubaliana nao mengi, waliona ni nyongeza katika dini. Mabishano yakaendelea miaka na miaka, yakachanganyika na mengine, hata sensa ya dini ya mwaka 1906 ikawahesabu kuwa makundi mawili. Wale waliokataa ni Kanisa la Kristo, na wapo hata hapa Afrika Mashariki, wanaimba bila vyombo.

Tunatoka na nini?

Kwanza, uadilifu. Allah ametuamrisha katika Suratul Maida, aya ya 8, tusiache kuchukia watu kukatufanya tusiwe waadilifu. Jirani yako Mkristo ukimzungumzia, msemee alichokisema, usimzulie.

Pili, nyongeza katika ibada haigongi mlango kwa kishindo. Huja na sababu nzuri: watu waimbe vizuri, vijana wavutike. Mtume wetu (SAW) alitufunga mlango huo alipotufundisha kwamba atakayezua katika jambo letu hili lisilokuwemo, litarudishwa. Kumbukeni Madina, Maswahaba waliposhauriana namna ya kuwaita watu kwenye swala. Ilitajwa nakusi ya Wakristo, ikatajwa baragumu ya Mayahudi. Ikachaguliwa sauti ya mwanadamu, akasimama Bilal (RA).

Tatu, na hili ndilo linaloniuma. Sisi pia tunayo yetu: dufu katika maulidi, qasida zenye kinanda. Wanazuoni wana maneno yao hapo, na mimi msimamo wangu ni kwamba kinanda kisikanyage msikiti. Lakini kuna watu wa msikiti mmoja hawapeani salamu kwa sababu ya dufu! Ndugu yangu, kabla hujaandika neno "mzushi" chini ya picha ya mwenzako, muulize dalili yake, nawe umpe yako, kisha mwende mkasimame safu moja. Wa Midway walianza na kinanda kidogo, na vizazi vyao havikurudi kukaa pamoja.

Allah atupe ibada iliyo safi na nyoyo zilizoungana. Amin.

Wallahu a'alam.